Klabu ya Wazee Haihitaji Nyasi

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu hutoka kliniki mjini Newala akiwa na vidonge mkononi na agizo moja la nyongeza: afanye mazoezi. Vidonge vina dirisha la kuvichukulia, mazoezi hayana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwa waliofikisha miaka 65, mazoezi ya msawazo wa mwili siku tatu au zaidi ili kuzuia kuanguka. Vijana wana uwanja wa mpira. Wazee wana bao chini ya mwembe, mchezo wa akili nyingi, lakini huchezwa watu wameketi, na akina bibi huonekana hapo kwa nadra.

Uingereza ililijibu swali hili zamani kwa klabu za kuviringisha matufe kwenye nyasi. Aliyeupa mchezo huo chama cha taifa alikuwa tabibu, W. G. Grace, mchezaji wa kriketi aliyevuma kuliko wote zama zake. Umri ulipomwelemea, alianzisha klabu ya matufe huko Crystal Palace, London, na mwaka 1903 akawa rais wa kwanza wa chama cha Waingereza cha mchezo huo. Hapo mwenye miaka 70 humshinda kijana bila ajabu yoyote, kwa kuwa kinachotakiwa ni jicho na mkono uliotulia.

Afrika Mashariki mchezo huo uliletwa na walowezi na maofisa wa kikoloni, ukafungiwa katika klabu zao. Mwafrika aliingia humo kukata nyasi na kubeba vinywaji. Hata leo, anayetaka kuuiga ulivyo afanye hesabu kwanza. Uwanja wa mita 36 kila upande, ukinyeshewa milimita 5 tu za maji kwa siku, hunywa lita 6,480, yaani ndoo 324 za lita 20. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako vizazi vya wanawake wameteremka mabondeni kutafuta maji na kuyapandisha kichwani, kumwagilia nyasi za mchezo wakati wa kiangazi kungekuwa dhihaka.

Lakini nyasi si lazima. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa La Ciotat kusini mwa Ufaransa, Jules Lenoir alishindwa kukimbia hatua za kurushia tufe kwa sababu ya baridi yabisi. Wenzake hawakumweka kando. Walibadili kanuni, mtu arushe akiwa amesimama pale pale, umbali ukafupishwa. Ndipo ulipozaliwa petanki, mchezo unaochezwa kwenye ardhi tupu. Mgonjwa mmoja alibadilishiwa mchezo, badala ya kuondolewa mchezoni.

Newala ina ardhi tupu ya kutosha. Ina pia mafundi: matufe ya kale ya Waingereza yalichongwa kwa mti mzito unaozama majini, na mpingo ambao Wamakonde wameuchonga miaka mingi nao huzama. Mpingo ukiwa adimu, mti mwingine mgumu utafaa.

Mchezo huu peke yake hautimizi dakika 150, na haubatilishi kidonge hata kimoja. Humtoa mtu kitini, akatembea, akainama, akataniana na wenzake. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole. Mwenye magoti mabovu aokotewe tufe. Halmashauri itenge kipande tambarare chenye kivuli karibu na kliniki, na saa zipangwe ambazo bibi hajaenda shamba wala kisimani. Mhudumu apime shinikizo kabla ya mchezo. Na kwenye daftari la mgonjwa, palipozoeleka kuandikwa neno “mazoezi”, paandikwe mahali, siku na saa.