Pengo la Utafiti au Pengo la Istilahi?

Wahenga walinena kwamba mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Katika hifadhidata za kitaaluma, methali hii yahitaji nyongeza: mtafutaji sharti ajue kitu anachokitafuta kimepewa jina gani. Suala hili linawahusu kwa karibu wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Karatina, Chuka na Embu, vilivyopata hati kamili miaka ya 2010 miguuni mwa Mlima Kenya.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayechunguza jinsi watoto wa shule za Nyeri wanavyochanganya sauti r na l wazungumzapo Kiswahili. Aghalabu huandika "Kiswahili" na "Gikuyu", akapata matokeo haba, kisha akatangaza katika tasnifu kwamba hakuna utafiti uliofanywa. Kumbe orodha ya vichwa vya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ifuatwayo na maktaba nyingi duniani, huziita lugha hizo "Swahili language" na "Kikuyu language". Vivyo hivyo, anayechunguza sababu ya k kugeuka g katika jina Gĩkũyũ hatafika mbali kwa neno "matamshi". Akiandika "Dahl", jina la kanuni inayofunzwa katika fonolojia ya Kibantu, milango itafunguka. Mtafiti wa ushairi naye atafute "utenzi" na pia "utendi", kwa kuwa lahaja za kaskazini hutumia umbo hilo la pili.

Wapo wanaoshikilia kwamba kufuata vichwa vya kigeni ni kuidunisha lugha yetu. Hoja hiyo ina uzito, lakini kuujua mlango wa nyumba si kumsujudia mwenye nyumba. Asiyeujua hubaki nje, akirudia kazi iliyokwisha kufanywa na kuiita mpya.

Yafaa basi idara za Kiswahili ziweke sharti jepesi: kila anayedai pengo la utafiti aorodheshe hifadhidata alizopekua na istilahi alizotumia. Wanafunzi wawaendee wakutubi kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, si baada ya kusahihishwa. Aidha, kila tasnifu ya Kiswahili iambatanishwe na maneno msingi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili kizazi kijacho cha watafiti kiione. Bila hayo, dai la pengo litabaki kuwa dai tu.