Breki za Gari la Mizigo na Wajibu wa Mwenye Kuzikagua

Watu watazamapo gari la moshi la mizigo likipita, husifu nguvu za injini inayolivuta. Sisi twaona la kusifiwa zaidi ni lile linalolisimamisha. Maana kuvuta kwaleta faida, lakini kusimama ndiyo salama ya watu.

Zamani katika Marekani mabehewa ya mizigo yalisimamishwa kwa mikono. Watu walipita juu ya mapaa ya mabehewa, katika mvua na giza, wakizungusha gurudumu la breki moja baada ya jingine, na wengi walianguka wakafa. Mwaka 1869 George Westinghouse aliandikisha uvumbuzi wake wa breki ya hewa, na mwaka 1872 akaitengeneza hata ikawa yajifunga yenyewe. Hewa iliyoshindiliwa hupita katika bomba toka injini mpaka behewa la mwisho, na kila behewa lina tangi lake la akiba. Hewa ya bombani ikitoka ghafula, kama mabehewa yanapokatika, breki hukaza magurudumu pasipo kungoja amri ya mtu.

Lakini chombo chema hakimwondolei mtu wajibu wake. Hewa huvuja, kwa hiyo gari linaloachwa penye mteremko hutakiwa kufungwa breki za mkono za kutosha. Usiku wa kuamkia Julai 6, 2013, katika Kanada, gari lenye matangi 72 ya mafuta liliachwa juu ya mteremko huko Nantes. Dereva alikuwa peke yake. Alifunga breki za mkono 7, akazijaribu hali breki ya hewa ya injini ingali imekaza. Basi gari halikusogea, zikadhaniwa zatosha. Baadaye injini ikashika moto, wazima moto wakaizima, na hewa ikavuja. Gari liliteremka kiasi cha kilometa 11, likaingia mjini Lac-Mégantic kwa mwendo uliozidi kilometa 100 kwa saa, likapinduka na kuwaka. Watu 47 walikufa. Wachunguzi walisema zilihitajika breki za mkono zisizopungua 17.

Nasi Tanzania hatukusahau Juni 24, 2002, gari la abiria liliporudi nyuma mlimani karibu na Igandu na kuligonga gari la mizigo. Watu 281 walipotea.

Katika habari ya Kanada liko jambo linalotuhusu sana sisi tulio watumishi. Watumishi watatu walishtakiwa kwa uzembe, na mwezi Januari 2018 baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia. Wachunguzi walikuwa wametaja sababu 18, miongoni mwake injini iliyotengenezwa vibaya miezi minane kabla, na Serikali kutokuisimamia kampuni ipasavyo. Basi si haki mzigo wote kutwikwa yule wa mwisho kushika breki. Wala si haki yeye kujificha nyuma ya wakubwa.

Kwa hiyo twanena mambo matatu. Kwanza, breki ya mkono ijaribiwe baada ya kuachia breki ya hewa, maana breki mbili zikikaza pamoja huwezi kujua ipi inayoshika. Pili, karani asitie sahihi katika karatasi ya ukaguzi ambao haukufanyika. Sahihi hiyo ni ushahidi wa uongo, hata kama ameombwa na rafiki. Tatu, wakubwa wasimkaripie mtumishi aliyechelewesha gari kwa kutengeneza breki. Akiadhibiwa leo kwa saa moja iliyopotea, kesho ataliacha gari liende, na saa hiyo italipwa kwa roho za watu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Twawasihi wanachama walio katika kazi ya reli walijadili jambo hili katika mikutano yao, na kuandika kila upungufu wauonao, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba hakuambiwa.