Mwani Gani Huo wa Homa Bay?

Mara mbili sasa nimeuziwa maneno pale sokoni Migori: jeli ya nywele ya "mwani wa ziwani", eti imetoka Homa Bay. Wapi! Mwani wa jeli hulimwa kwenye maji ya chumvi, Kibuyuni kule Kwale au Paje, Zanzibar, akina mama wakiufunga kambani maji yakipwa. Ziwa letu halina chumvi. Ule ute wa kijani wa Ghuba ya Winam ni bakteria, na wengine hutoa sumu ya ini. Hiyo ndiyo umpake mtoto kichwani?

Hata mwani halisi hulainisha tu na kushika unyevu. Nywele za mbele zilizong'olewa na rasta za kukaza hauzirudishi. Legezeni rasta, jamani. Na wewe muuzaji, andika kwenye chupa: ufuo gani?