Maneno ya Kiingereza na Matumizi Yake: "Disgrace"

Msomaji wetu mmoja, karani akaaye Makadara, Nairobi, atuuliza neno hili lina maana gani hasa. Ndugu yake aliachishwa kazi, na barua ya mwajiri ikasema kwamba aliondoka "in disgrace". Barua ilipofika shambani, kijana wa shule aliifasiri mbele ya wazee kwa maneno mawili tu: "ametia aibu". Tangu siku hiyo mzee wao hataki kumwona mwanawe nyumbani. Je, tafsiri ile ni sawa?

Twajibu kwamba si ya uongo, lakini imepita kipimo.

Tutazame asili. "Grace" ni fadhili au upendeleo, nalo latoka katika Kilatini. "Dis" yaonyesha kuondolewa. Neno zima liliingia Uingereza katika karne ya 16 kwa njia ya Wafaransa, nao walilipata kwa Waitalia. Zamani hizo aliyekuwa "in disgrace" ni yule ambaye mfalme amemgeuzia kisogo. Huenda alikosa, huenda alisingiziwa. Neno laeleza hali yake mbele ya mkubwa, halielezi tendo.

Maneno yetu yasimama mahali pengine. Aibu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni dosari iliyomo katika kitu chenyewe. Fedheha ni kufunuliwa kwa lililositirika. Haya ni jambo jema, maana humzuia mtu asitende ovu, ndiyo sababu asiye na haya hulaumiwa. Basi ukisema "ametia aibu" umekwisha kumhukumu mtu, na ukoo wake pamoja naye.

Ni kweli Kiingereza cha siku hizi kimekaza maana, na asikiaye "in disgrace" hudhani mara moja kwamba pana kosa. Lakini kosa gani? Hata mwizi wa kuku akifikishwa katika mahakama ya Makadara husomewa kosa lake. Mwajiri aandikaye neno hili asitaje tendo amejitwalia kiti cha hakimu bila taabu ya hakimu, nasi twaona ni uvivu mbaya. Tena Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha aifahamuyo, naye mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wakati wa maelezo hayo.

Wafasiri wa magazeti nao wajihadhari. Waingereza husema Rais Nixon wa Marekani alijiuzulu "in disgrace" mwaka 1974. Tukiandika "alijiuzulu kwa aibu", msomaji aweza kudhani aliona haya mwenyewe akatoka. Afadhali "alijiuzulu baada ya kuharibikiwa jina". Mfano wa kinyume ni Mzee Ali Hassan Mwinyi wa Tanzania. Katika miaka ya 1970, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu waliuawa mikononi mwa vyombo vya usalama huko Shinyanga. Hakuwaua yeye, lakini alijiuzulu. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Tanzania. Kuondoka kule hakuwezi kuitwa "disgrace" hata kidogo.

Kwa hiyo karani wetu amsomee mzee barua ile hivi: "Aliondoka kazini akiwa amepoteza heshima mbele ya wakubwa wake." Kisha ndugu yake amwandikie mwajiri, kwa adabu na kwa tarehe, aulize ni kwa tendo gani. Majibu nayo yasomwe mbele ya wazee wale wale.

Msomaji mwingine auliza kama "scandal", ambalo vijana wamelikata kuwa "skendo", ni neno lile lile. Sivyo, hilo lina mtego ndani yake, nasi tutalieleza juma lijalo.