KIBABA KIBAKI METHALINI

Wanafunzi wenzangu, wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Vyema, lakini kibaba kisiingie katika ripoti ya maabara! Hapa Mitunguu ndizi huuzwa kwa mkungu na mahindi kwa gorogoro. Sikatai, soko lina desturi yake. Lakini debe la mahindi na debe la makaa si uzito mmoja. Ukiandika "mbolea gorogoro moja", msomaji wa Kisumu atapimaje? Akizidisha, mimea itaungua!

Tena wengine huandika "Kgs". Kilo ni kg tu; s ni sekunde, nayo K ni kelvini. Mwaka wa 1999 Marekani ilipoteza chombo chake huko Mirihi kwa sababu kundi moja lilitumia ratili na jingine nyutoni. Jamani, tuandike vipimo vya kimataifa!