Donge la Paka na Subira Yetu

Usiku mmoja wa kaskazi, baada ya sala ya isha, nilikuwa nimeketi barazani kwangu Mji wa Kale, Mombasa, na paka wangu Halua amejilaza mapajani kama ilivyo ada yake, nami nikimpapasa tumbo huku fikira zangu ziko mbali, mara vidole vikakwama juu ya kitu kigumu, mfano wa punje ya mbaazi, kilichojificha chini ya ngozi karibu na chuchu ya mwisho ya upande wa kushoto. Nikaondoa mkono, nikaurudisha. Punje ilikuwa pale pale. Halua hakulia wala hakujivuta. Alizidi kukoroma kwa raha.

Wa nyumbani walipopata habari kila mmoja alitoa rai yake. Mmoja alisema ni maziwa yaliyoganda, kwani paka huyu amezaa mara nyingi, wa pili akasema atajilamba mwenyewe na donge litapoa, na jirani yetu, bibi mwenye huruma ambaye hapiti paka njiani bila ya kumtupia dagaa, akaniambia, "Mwanangu, mkande kwa maji ya moto, umpe na nusu ya Panadol, kesho utamwona mzima." Wote walisema kwa mapenzi, ilhali katika rai hizo tatu hapana iliyofaa hata moja, na ile ya mwisho yamkini ingalimwua kabla ya donge lenyewe, maana ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama livunjavyo la binadamu, na hiyo nusu ya kidonge impozayo mtoto homa humharibia paka damu hata ufizi wake ukageuka rangi ya udongo.

Alfajiri nilimtia Halua kikapuni nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Sikufanya hima ile kwa sababu ya elimu. Nilifanya kwa sababu niliwahi kungoja. Kabla ya Halua nilikuwa na paka mwingine, jike mweupe, naye niliona uvimbe tumboni mwake mwanzo wa kaskazi nikausubiri upoe, na kusi ilipoanza kuvuma ulikuwa umekua kama kokwa ya embe, umepasuka na kunuka, naye anahema mdomo wazi kwa kuwa maradhi yalikwisha fika mapafuni. Daktari hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa sauti ya upole, niliuona lini, na jawabu nililompa ndilo linaloandika makala haya.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kuisifu subira, na ni haki kuisifu, lakini naona tumeipeleka pasipo mahali pake. Subira ni ya yule mwenye kuumwa. Ama yule mwenye kutazama, aliye na mkono wa kufanya jambo na miguu ya kwenda, akikaa kitako akasema anasubiri, basi anachokifanya kina jina jingine. Na paka ndiye mnyama wa kudhulumiwa kwa namna hii kuliko wote, kwa maana ameumbwa kuficha maumivu yake: atakula, atajilamba, ataruka ukuta kama jana, hata siku mwili utakapomshinda kabisa.

Si kila donge ni msiba, na sisemi haya ili kutia watu hofu. Shume arudiye alfajiri kutoka vitani aghalabu huwa ameng'atwa, na tundu la jino hufumba juu huku usaha ukikusanyika chini, kwa hiyo baada ya siku mbili tatu huonekana uvimbe wa moto, laini, wenye kumwuma akiguswa. Hilo ni jipu, nalo likipasuliwa na kusafishwa kwa dawa zipasazo hupona. Kadhalika baada ya sindano ya kukinga kichaa cha mbwa, ambayo ni wajibu isiachwe, huenda pakabaki kivimbe kidogo pale ilipoingia. Hicho ruhusa kukingoja, lakini kwa kipimo: kikidumu zaidi ya miezi 3, au kikizidi sentimita 2, au kikiwa bado kinakua mwezi 1 baada ya sindano, basi kikatazamwe. Huko ndiko kungoja ninakokukubali, kungoja kwenye hesabu.

Ama donge la titi halina hesabu ya kungoja. Katika mbwa karibu nusu ya madonge ya namna hii huwa salama, bali katika paka zaidi ya manane kwa kumi ni saratani, na ukubwa wake siku ya kukatwa ndio wenye kuhukumu mengi: likiwa chini ya sentimita 2, yaani halijazidi komwe ya bao, wengi huishi miaka 3 na zaidi, likizidi sentimita 3, aghalabu mwaka hautimii. Fursa ya kumwokoa hupita katika masafa mafupi baina ya mbaazi na komwe. Na laiti ningalijua mapema kwamba paka jike aliyefungwa kizazi kabla ya miezi 6 huepukana na sehemu kubwa sana ya hatari hii, nisingaliwaacha hao wawili wazae mwaka hata mwaka.

Najua wako watakaosema kwamba kumpasua paka ni israfu maadamu binadamu hawana pesa za hospitali. Siwapuuzi, kwani hoja yao imetoka katika dhiki ya kweli. Lakini paka wa nyumbani tumemwita sisi, kwa vichwa vya samaki, ili atulindie mchele na panya, na katika mafunzo tuliyosomeshwa chuoni mna habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila ya chakula. Ikiwa njaa ya paka ina hesabu, seuze uvimbe tuliougusa kwa mikono yetu?

Halua alichomwa kwa sindano nyembamba, maji yake yakatazamwa kwa hadubini, na wiki ile ile akakatwa safu nzima ya matiti ya upande wa kushoto, kwa kuwa maradhi haya husafiri kutoka titi hadi titi. Sasa kila Ijumaa mkono wangu huanza kwapani mwake kulia, ukapita chuchu moja moja mpaka kinenani, zote nne, kisha ukavuka kushoto ambako pana mstari mwembamba usioota manyoya. Halua hungoja nimalize, macho kayafumba nusu, kisha hushuka akaenda jikoni kutazama kama samaki wamefika.