Biashara ya Mnyonge
Wako watu mijini wasemao kwamba mkulima aanzaye biashara ndogo amelikimbia jembe kwa tamaa. Na waende Iramba, Ikungi au Manyoni wakajionee. Huko mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Ikikatika katikati, mtama na alizeti hukauka. Lakini sare za shule, dawa na chumvi havingoji mavuno. Ndiyo maana mama hufuga kuku wa kuuza, kijana hukamua mafuta ya alizeti, na mzee hutundika mizinga. Hilo ndilo ghala lao la pili.

Hata hivyo, asiye na akiba huuza kuku wake siku ya shida, kwa bei apendayo mchuuzi. Tangu mwaka 2018 sheria imeziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, wakopeshwe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Basi, ndugu viongozi, fedha hiyo na iwafikie wanyonge kabla njaa haijabisha hodi. Nanyi, ndugu wanachama, simameni katika mikutano ya vijiji mkaulize hadharani: imetolewa lini, na amepewa nani?